Gari la Kiti Kimoja

Niseme ukweli tangu mwanzo: kile kigari cha buluu sikukipenda. Nimejitolea miaka kumi na moja katika makumbusho yetu ya magari, kwenye kiwanda cha kale cha pamba pale Thornley, Derbyshire, huku Uingereza, na kati ya magari arobaini na mawili tuliyonayo, hicho ndicho kilichonitia aibu. Tuna Jensen nyekundu ambayo wanaume wazima huizunguka kimya, mikono nyuma. Tuna Jowett ya mwaka 1937, ikinguruma unatamani kuvuta kiti usinzie. Tuna Peel, kigari kidogo kuliko vyote, hakina gia ya kurudi nyuma. Ukitaka kurudi nyuma unashuka, unakishika mkiani, unakigeuza kwa mkono. Tuna Morris yenye fremu ya mbao, ambayo kila masika mimi huikwangua ukungu. Hayo ni magari. Watu wanakuja, wanacheka, wanawakumbuka baba zao, wananunua keki.

Kigari cha buluu kilisimama kwenye kona, karibu na choo. Magurudumu matatu, bodi ya plastiki ngumu, kiti kimoja. Zamani serikali iliwapa watu wasioweza kutembea vigari kama hiki, bure, lakini vikabaki kuwa mali ya serikali. Baadaye ikavikusanya na kuviponda. Chetu kiliponea katika banda la mkulima mmoja, chini ya marobota ya nyasi. Watoto walikuwa wakiniuliza kama ndicho choo chenyewe.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona Mavis Tansley amesimama mbele yake, nilijua nini cha kusema.

"Choo ni mlango wa pili, mama."

"Najua choo kilipo," alisema bila kugeuka. "Nimekuja kumwona huyu."

"Huyu nani?"

"Huyu uliyemweka kando ya choo. Ni wewe uliyemweka hapa?"

"Ni kamati."

"Basi kaiambie kamati haina adabu."

Alikuwa na miaka sabini na minane, mfupi, koti zito la mvua katikati ya Julai, na magoti mabovu yaliyomfanya atembee kama anayehesabu kila hatua. Nikampenda papo hapo, kwa sababu mimi mwenyewe ni mkorofi na wakorofi tunajuana. Alhamisi iliyofuata akarudi. Na nyingine. Alilipa kiingilio cha wazee, akayapita magari yote arobaini na moja kana kwamba ni viti vya hospitali, akaenda kwenye kona yake. Nikaanza kumpelekea kiti, chai na biskuti ya tangawizi, na saa ya kuondoka namwinua kwa kumshika makwapa. Halafu nikajikuta Alhamisi nanyoa ndevu vizuri zaidi, ingawa hilo sikumwambia mtu.

Kidogo kidogo akanieleza. Mumewe, Cyril, alianguka kwenye machimbo ya mawe mwaka 1971, akiwa na miaka thelathini na minane. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na kitu. Miaka miwili baadaye wakamletea kigari kama kile. Kuendesha kwake ni mikono tu: mpini mmoja mbele yako, ukiupeleka huku na huku unakata kona, ukizungusha kishikio unaongeza mafuta, ukiubonyeza chini unafunga breki. Pembeni ya dereva kuna nafasi, lakini hiyo ni ya kiti cha magurudumu, kikishakunjwa. Abiria ni marufuku. Sheria ilikuwa wazi: ukikamatwa na abiria, gari linarudi serikalini.

"Kwa hiyo kiti kilipanda," alisema Mavis, "na mimi nikabaki kituoni."

"Ukapanda nini?"

"Basi, bata wangu. Miaka ishirini na sita nilimfuata mume wangu kwa basi." Kwetu kila mtu ni bata, hata daktari, hata polisi anayekuandikia faini, lakini Mavis alipolitamka neno hilo nililisikia mpaka kifuani. "Hospitali, basi. Kanisani, basi. Likizo ya ufukweni, Skegness, yeye anatoka alfajiri na kigari chake, mimi natoka saa tatu na basi la kanisa. Njiani tunampita. Mimi nakimbilia kiti cha nyuma, nampungia kitambaa, watu wote wanacheka. Yeye anapiga honi. Tukifika, tumeshachoka hata kusemezana."

Cyril alifariki mwaka 1999. Wiki mbili baada ya mazishi lori likaja kuchukua kigari, kwa kuwa hakikuwa chake. Mavis alisimama mlangoni akiwa na miwani ya Cyril mkononi, aliyoitoa ndani ya kigari dakika za mwisho. Hicho ndicho alichobakiwa nacho.

"Unamkumbuka sana?" nilimuuliza, swali la kijinga.

"Kila dakika tano," alisema. "Nikichemsha maji, nikifunga mlango. Nimechoka kumkumbuka, na sijui kuacha."

Mambo yangeendelea hivyo, chai na biskuti, kama si yule mtu wa Chesterfield. Alikuja Alhamisi moja ya Aprili, jitu la kitambi na kicheko kikubwa, akasimama kando ya Mavis.

"Ee, kile kitu!" alisema. "Baba yangu alikuwa nacho. Wote watatu tulikuwa tunajazana humo!"

"Mnajazana vipi?" Mavis akauliza. "Kina kiti kimoja."

"Mama anakaa sakafuni juu ya mto, magoti kidevuni, blanketi kichwani. Mimi juu yake. Polisi wa mtaani anatupungia mkono!"

"Na sheria?"

"Sheria gani, mama? Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Labda walokole tu." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kuitazama Jensen.

Mavis akaweka kikombe chini. Chai ilikuwa nusu. Akaondoka bila kuniaga, na Alhamisi tatu hakuja. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia namba ya simu yake alipotokea ya nne, koti lilelile, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nikipiga msasa.

"Cyril hakuwa mlokole," alisema. "Cyril alikuwa anaiba makaa ya mawe ya kanisa."

"Kaa kwanza, Mavis."

"Sikai. Nilimwomba mara moja tu, Wilf. Mwaka wa sabini na sita. Nikamwambia mimi mdogo, nitakaa chini, hakuna atakayeniona. Akaniambia, sheria ni sheria, Mavis. Nami nikaamini. Mtu ambaye hajawahi kulipa leseni ya televisheni! Kumbe wenzangu wote walipanda. Sasa nataka kukaa humo ndani. Nataka kujua kulikuwa na nini humo ambacho hakikutaka niwepo."

Nilitaka kumwambia kwamba wafu hawaulizwi maswali. Lakini nilimtazama nikaona kwamba mwanamke huyu, ambaye kwa miaka kumi na tatu alikuwa na majonzi tu, sasa alikuwa na majonzi na shaka, na shaka ndiyo iliyokuwa ikimla.

Kwa kawaida ningevuta muda. Muda haukuwepo. Mwenyekiti wa kamati yetu, Desmond Fairclough, mtu anayevaa tai hata akipaka rangi, alikuwa amekubaliana na makumbusho mengine ya Uskoti: wao wachukue kigari cha buluu, sisi tupate gari la michezo la kijani. Lori lilikuwa lije Jumatatu.

"Mgeni haketi ndani ya gari," aliniambia nilipomwendea. "Kanuni ya tatu. Uliiandika wewe, Wilf."

"Niliiandika kwa ajili ya watoto wenye aiskrimu."

"Na bima je? Bibi wa miaka sabini na minane. Akivunjika nyonga?"

"Akivunjika nitamlipia."

"Kwa pensheni gani?" alisema, na kusema kweli hapo alinishinda.

Lakini kulikuwa na siku ya moshi. Kila Jumapili ya nne ya mwezi tunawasha injini zote, kwa sababu injini isiyowashwa hufa kwa kukaa. Tunafungua milango mikubwa, tunayatoa magari uani, yanazunguka mara mbili tatu taratibu, wageni wanakohoa na kupiga makofi. Na uani ni ndani ya ukuta wetu, hapahitaji leseni. Nikamwambia Mavis aje Jumapili, saa nane kamili, na asivae lile koti, maana litanasa kwenye mpini.

Akaja amevaa sweta ya kijani na amepaka rangi midomoni. Fairclough alikuwa upande wa pili akieleza watu jinsi Peel inavyogeuzwa kwa mkono. Nikausukuma mlango wa kigari, ule wa kuteleza, nikamshika kiwiko, nikamkalisha. Nikamwelekeza: huku kushoto, huku kulia, hapa mafuta, hapa breki.

"Unanifundisha nini?" alisema. "Nilisimama kwenye ukingo wa barabara miaka ishirini na sita nikitazama mikono yake."

"Mzunguko mmoja, Mavis. Polepole. Ukifika kwenye pipa unageuka."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

Nikawasha. Kikalipuka, kikatikisika, kikatulia kwenye ule mlio wake wa cherehani. Akazungusha kishikio. Kigari kikaondoka vizuri sana, vizuri kuliko ninavyokiondoa mimi, na moyo ukanijaa. Akalifikia pipa. Akageuka. Na wakati huohuo lango la barabarani likafunguliwa ili kuliingiza gari la aiskrimu. Hilo ni kosa langu, mimi ndiye niliyeliagiza saa nane na robo, na kwetu siku ya jua gari la aiskrimu haliachwi lingoje nje.

Mavis akalitazama lango. Niliona kichwa chake kikitulia. Kisha akapita ubavuni mwa gari la aiskrimu, kwa nafasi ya kiganja kimoja, akatokea barabarani na kwenda zake.

"Wilf!" Fairclough alipiga kelele. "Nani yule?"

"Mgeni!"

"Anakwenda wapi?"

"Hakuniaga!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Fairclough akakimbilia gari lake, lakini gari la aiskrimu lilikuwa limeziba lango na watoto wameshalizingira, na hakuna Mwingereza aliyezaliwa anayethubutu kuuvunja mstari wa aiskrimu. Mimi nikapenya kwa ubavu. Nje nikaona kitu kimoja tu kinachotembea: basi la ghorofa la Matlock, linakaribia kituo. Nikalirukia.

"Unakwenda wapi, bata?" aliuliza dereva, mama mnene mwenye miwani ya jua.

"Kifuate kile cha buluu!"

"Hii si teksi. Hii inakwenda Matlock."

"Naye ameelekea Matlock."

"Basi una bahati. Kaa chini usianguke."

Nikapanda juu, kiti cha mbele kabisa. Na hapo ndipo nilipopata mafunzo ambayo sikuyaomba. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbele yangu, mita hamsini, kulikuwa na kigari cha buluu, na ndani yake kisogo kidogo cha mvi. Tukakaribia mpaka nikaona ukosi wa sweta. Kisha basi likasimama kituoni, mzee akashuka na mkongojo wake ngazi baada ya ngazi, na kisogo kile kikaenda mbali, kikapotea kwenye kona. Nikainuka, nikakaa. Tukaondoka, tukakiona tena. Tukasimama tena. Nilikuwa nikizungumza peke yangu. Punguza, nilisema. Tazama kioo. Niko hapa. Hakutazama. Alikata kona zake vizuri, akapita daraja, akapanda kilima, magari yamejipanga nyuma yake na hakumjali hata mmoja. Nikashikwa na hasira, halafu na wivu, halafu na kitu kibaya zaidi, nikatamani niwe humo ndani pamoja naye. Lakini hapakuwa na nafasi. Nilikaa dakika ishirini tu kwenye kiti kile; Mavis alikaa miaka ishirini na sita.

Juu ya kilima, kabla ya kushukia Matlock, kuna uwanja mdogo wa kuegesha magari. Hapo ndipo alipoingia. Nikabonyeza kengele kwa kidole gumba na sikukiondoa.

Injini ilikuwa bado inawaka. Mavis ameketi, mikono miwili kwenye mpini, anatazama bonde. Nikauvuta mlango kwa nguvu.

"Una wazimu?" nilisema. "Huna leseni! Huna bima! Breki za hiki kitu nimezitengeneza mimi, na mimi mwenyewe siziamini! Ungekufa, Mavis! Ungekufa na mimi niko ghorofani kwenye basi!"

Aliniacha nimalize. Kisha akanyoosha mkono, akazima injini mwenyewe.

"Haikuwa sheria," alisema.

"Huwezi kujua."

"Najua. Nimetoka kukaa alipokaa yeye." Alisema polepole, kama mtu anayetoa miba. "Asubuhi nilikuwa namwinua Cyril kitandani. Nikamwosha. Nikampeleka chooni, nikamngoja, nikamsafisha. Nikamvika suruali, mguu mmoja, mguu wa pili. Kila siku, miaka ishirini na minane. Yeye hakunung'unika, na mimi sikunung'unika. Kisha anaingia humu, anavuta mlango. Na hakuna mkono wa mtu juu yake."

"Mavis..."

"Nilikuwa naimba, Wilf. Nilipofika darajani nikajisikia naimba. Na nikagundua kwamba tangu langoni sijamkumbuka. Hata kidogo. Tangu nimzike sijawahi kupata dakika tano, na hapa nimepata safari nzima." Machozi yakamshuka mpaka kwenye rangi ya midomo, naye hakuyafuta. "Kama mimi nimemsahau humu, yeye naye alikuwa ananisahau. Alikuwa anaimba. Halafu anarudi nyumbani, mimi nimesimama mlangoni, namuuliza, umechelewa wapi? Kila jioni. Umechelewa wapi, Cyril?"

"Angekuambia tu."

"Angeniambiaje? Niambie wewe. Angesema nini, wakati mikono yangu ndiyo iliyomvika viatu?"

Lori lilipita, kigari kikatikisika, sote wawili tukangoja litoweke.

"Namtaka arudi," alisema. "Hata siku moja. Nimfungulie mlango, aende zake, na nisimuulize kitu."

Kisha akageuza magoti yake mabovu kuelekea nje, na mimi nikafanya nilichofanya kila Alhamisi tangu nimjue: nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili nimshike chini ya makwapa.

"Niache," alisema.

Haikuwa hasira. Alisema kama unavyomwambia mtu unayempenda. Nikasogea nyuma hatua mbili. Akashika ukingo wa mlango, akateleza, akakaa tena. Akapumua. Akaweka mguu mmoja chini, akautafuta mwingine ulikokwama kwenye mpini, akautoa kwa mikono yake mwenyewe. Mara ya pili akainuka nusu, magoti yakakataa, akarudi. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Mikono yangu ilikuwa inaniuma kwa kutaka kumshika, nikaitia mifukoni na kuikunja humo ngumi. Nikamsikia akivuta pumzi kwa mara ya tatu, nami nikageuza uso nikatazama bonde ili asiwe na mtu wa kumtazama.